Jogoo Aliyepelekwa kwa Mwalimu wa Hesabu

Mwaka huu yaya yangu aliingia matriki, na nyumba yetu hapa Durban ikageuka hospitali yenye mgonjwa mmoja. Yaya ni kaka yangu mkubwa. Sisi Wakongomani tunasema yaya tu, awe wa kiume au wa kike. Matriki ni darasa la mwisho. Ukilipita unaingia chuo, ukilikosa unaingia maghala ya Mobeni kubeba maboksi, na utayabeba pamoja na walewale waliokuwa wanakuambia usome. Mimi niko darasa la kumi, shule hiyohiyo. Mimi ndiye kichekesho cha familia. Hakuna anayetegemea kitu kwangu, na maisha hayo, nawaambia, ni matamu.

Papa alitangaza habari hiyo mezani, kwa kusimama, kama anahutubia taifa. Taifa lilikuwa mama, yaya, mimi, na ile familia inayokaa upande wa pili wa pazia, kwa sababu nyumba yetu tunagawana.

"Mwaka huu hii nyumba iko na kazi moja," akasema. "Fiston anapita. Wengine wote ni wasaidizi." Fiston ndiye yaya; papa humwita hivyo, yaani kijana wangu.

Usaidizi ukaanza. Papa aling'oa waya wa televisheni, akautia kwenye mfuko wake wa chakula, akawa anakwenda nao kazini Clairwood, ambako anafungulia malori geti. Mama, ambaye anasuka nywele saluni mjini, alianza kumpa yaya paja la kuku na kunipa mimi shingo. Nikiuliza, naambiwa shingo iko na vitamini. Kila jioni simu iliwekwa katikati ya meza na spika ikafunguliwa, tonton, yule mjomba wa Lubumbashi, akaingia, tantine, shangazi wa Australia, akaingia, na watu wengine ambao hata papa hakuwa na hakika ni ndugu wa upande gani. Wote walikuwa na maneno yaleyale. Sisi wote tunakuangalia wewe. Ukoo wote unakuangalia wewe. Babu yako huko alipo anakuangalia. Nikawa najiuliza kama kuna mtu amebaki anaangalia kitu kingine duniani.

Mama alichukua kalamu za yaya akazipeleka kanisani ziombewe. Wale mama wa kikundi cha maombi walizipaka mafuta moja moja, kwa imani kubwa na mafuta mengi. Kalamu zikarudi zimetakaswa na haziandiki. Mtihani wa Juni yaya aliufanya kwa kalamu ya kuazima.

Masomo yote alifanya vizuri ila hesabu. Hesabu zilimwangusha vibaya, na bila hesabu kile chuo cha uhandisi anachotaka hakiwezi hata kusoma jina lake. Papa hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alikaa akaangalia ile ripoti, akaikunja taratibu, akasema, "Bado iko wakati," halafu akasahau kula. Yaya naye akaacha kula. Mimi nikala vyote, maana vitamini za shingo hazitoshi.

Aliyemwokoa wakati ule ni mwalimu wake wa hesabu, ambaye shule nzima tunamwita Mem. Ni Mhindi wa hapahapa Durban, mama wa makamo, mfupi, sauti ya chini, uzi mwekundu kwenye mkono. Alimwambia yaya awe anabaki baada ya masomo, yeye atamfundisha. Hakutaka kitu. Yaya akawa anachelewa kurudi nyumbani, na akirudi anapiga mluzi kwenye ngazi. Nilikuwa nimesahau kwamba anajua kupiga mluzi. Halafu akaanza kuniibia nyama kwenye sahani, ikiwa ni pamoja na ile shingo, na mimi sikulalamika hata kidogo. Mtu anayeiba nyama ni mzima.

Papa alipojua kwamba kuna mwalimu anamfundisha mtoto wake saa za ziada, bure, alijiona mdaiwa. Kule Bukavu alikosoma yeye, serikali ilikuwa imesahau kuwalipa walimu, kwa hiyo wazazi ndio waliowaweka hai. Mzazi alipeleka unga, alipeleka mafuta, na kwa jambo zito alipeleka kuku. Hakuna aliyeona vibaya. Aibu ilikuwa ya yule ambaye hakupeleka kitu.

"Mutoto wangu anafundishwa na mutu," papa akasema, "na mimi huyo mutu simujui hata uso. Mimi ni baba ya namna gani?"

Mwezi wa Septemba, matriki walipomaliza mtihani wa majaribio, papa aliomba ruhusa kazini asubuhi moja. Alivaa suti yake ya arusi. Akaniambia nivae sare safi, kwa sababu Kiingereza chake ni cha getini, kinajua "reverse" na "sign here" basi, na mimi nitamtafsiria. Yaya hakuambiwa. Ilikuwa iwe surprise, na surprise yenyewe ilikuwa kwenye ule mfuko mkubwa wa miraba ambao wahamiaji wote tunao, ikipumua.

Nikafungua zipu kidogo. Jogoo akatoa kichwa akaniangalia kwa dharau.

"Papa. Hapana."

"Hapana nini?"

"Hapa watu hawafanyi hivi. Kama unataka kumshukuru, mpe kadi."

"Kadi?" Papa alisimama katikati ya ngazi. "Atakula kadi?"

"Papa, huyu iko hai."

"Ndiyo. Nimpelekee maiti?"

Tukaenda. Mlinzi wa shule, mzee wa Kizulu, alipoona mfuko unatikisika akauliza kwa lugha yake kuna nini ndani. Papa anakijua Kizulu kuliko Kiingereza, maana madereva wa malori ndio walimu wake. Akajibu kwa fahari: kuku wa mwalimu. Mzee akacheka mpaka akashika geti. Akatupisha. Laiti angetuzuia.

Mem alikuwa peke yake darasani, anasahihisha. Meza yote ilikuwa imejaa karatasi za majaribio, kalamu nyekundu mkononi. Papa alivua kofia. Akasema maneno mazuri sana, nami nikayapeleka kwa Kiingereza neno kwa neno: kwamba yeye ni baba wa yule kijana, kwamba Mem amekuwa mama kwa mtoto ambaye hakumzaa, kwamba mikono yake mitupu ilikuwa inamwonea haya. Mem aliguswa. Niliona macho yake. Halafu papa akafungua mfuko.

Lazima niseme hapa kwamba Mem hali nyama. Hali kabisa, hata yai haligusi. Aliruka nyuma mpaka mgongo wake ukafika ubaoni.

"Mwambie baba yako asante," akaniambia, "lakini siwezi kupokea. Hasa leo. Aone ninachofanya hapa." Akaonyesha zile karatasi.

Nikatafsiri. Papa akatabasamu. Kwetu mtu mwenye adabu anakataa zawadi mara ya kwanza, na mwenye kutoa anasisitiza. Asiposisitiza, inaonekana alitoa kwa mdomo tu. Kwa hiyo papa akasisitiza.

"Mwambie ni kidogo tu."

"Papa, anakataa kweli."

"Ni adabu yake. Mwambie akubali."

"Papa, angalia uso wake!"

"Iko na haya," akasema papa, na akamweka jogoo juu ya meza.

Sijui kama umewahi kuona jogoo akitembea juu ya mtihani wa hesabu. Alitembea polepole, kama msimamizi. Akafika katikati ya rundo, akasimama, akafanya pale kitu ambacho wanafunzi wengi wa matriki wangependa kuwa wamekifanya wao. Na wakati huohuo mlango ukafunguka, naibu mkuu wa shule akaingia.

Naibu ni mtu wa sheria. Aliona baba wa mwanafunzi, suti, zawadi, na karatasi ambazo bado hazijasahihishwa. Hakuhitaji tafsiri yangu. Akamwita yaya kutoka darasani aje aeleze, na yaya akaja mbio akidhani kuna msiba nyumbani. Aliposimama mlangoni alituangalia mmoja mmoja: papa, mimi, jogoo. Nikajaribu kumkonyeza, lile konyezo letu la "nitakueleza baadaye." Hakuniona. Alikuwa anamwangalia Mem, na Mem alikuwa anaangalia chini.

"Mwondoeni huyu ndege," naibu akasema.

Papa alipotafsiriwa hilo, kwa mara ya kwanza alikasirika. Zawadi ikishatoka nyumbani hairudi. Kuirudisha ni kumtakia mabaya yule uliyempelekea. Akavaa kofia yake, akamwinamia Mem, akatoka. Mfuko aliuchukua. Jogoo akabaki.

Walimfungia kwenye stoo ya mipira. Kesho yake, kwenye paredi ya asubuhi, wimbo wa taifa ulipofika pale ambapo watu wengi hawajui maneno na wanamumunya tu, jogoo akawika. Sauti ilitoka stoo ikapita juu ya vichwa vya shule nzima. Mkuu wa shule alifunga macho. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakicheka pamoja, na siku nyingine yoyote mimi ningekuwa mbele yao.

Mchana mtunza bustani akamchukua, na jogoo akatoka kwenye hadithi hii akiwa ndiye aliyepata hasara ndogo kuliko wote. Maana mpaka kengele ya mapumziko, hadithi ilikuwa imeshakua. Wanafunzi hawakusema tena kwamba baba fulani alileta zawadi. Walisema wale wageni wameleta muti, dawa ya kienyeji, jogoo wa uchawi amepitishwa juu ya karatasi ili alama zipande. Walikuwa na ushahidi: si ameacha alama juu ya karatasi? Naibu naye alikuwa na hadithi yake, isiyo na uchawi. Karatasi ya yaya ikapelekwa kusahihishwa shule nyingine. Mem akapewa onyo. Na ikaamriwa kwamba asikae tena na yule kijana peke yake.

Hayo masomo ya jioni ndiyo papa alikwenda kuyashukuru.

Kisha wanafunzi wakaanza kumwikia. Yaya akiingia darasani, mtu mmoja nyuma: kokoliko. Akienda bombani, kokoliko. Akipanga foleni ya chipsi, hata wale wadogo wa darasa la nane, ambao bado wanabeba mabegi makubwa kuliko wao, kokoliko. Hakuna mwalimu anayeweza kumwadhibu mtu kwa kuwika. Unamwandikia kosa gani?

Mimi mdomo ninao. Nikamsimamisha mmoja wao, mrefu, anayejidai na nywele zake.

"Wewe unawika vizuri," nikamwambia. "Kwenu hakuna saa? Mama yako anakutuma uamshe mtaa?"

Watu wakacheka, eish, wakanipigia makofi. Nikajiona shujaa. Kipindi kilichofuata walimwikia yaya mara mbili zaidi, na jioni kwenye ngazi alinishika begani.

"Usinitetee."

"Yaya, yule nimemmaliza."

"Unawapa stimu. Wewe unaona hii ni komedi?" Akaniachia. "Kila mtu nyumbani ananisaidia. Papa amenisaidia. Wewe unanisaidia. Acheni tu."

Jumatatu hakuamka. Hakuwa na homa. Alilala amegeukia ukuta, shuka mpaka kwenye sikio, na hata familia ya upande wa pili walipopita kwenda jikoni wakisema "habari ya asubuhi," hakujibu. Mama akamwekea uji. Ukapoa na kushika ngozi. Siku iliyofuata vilevile. Mama anamwita "papa" kwa sababu amebeba jina la baba wa mama, na kumwona ameinama pale akisema, "Papa yangu, amka basi, papa yangu, mtihani wa mwisho unakuja," kulinifanya nitoke nje.

Akanifuata kwenye ngazi. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta ya nywele za watu.

"Wewe," akasema, "si wewe uko na akili ya kuchekesha? Walimu wananiita kila siku juu ya hiyo akili yako. Sasa itumie. Umuchekeshe ndugu yako."

Ndiyo mara ya kwanza kipaji changu kutambuliwa rasmi. Niliingia nikamfanyia naibu mkuu wa shule: jinsi anavyotembea kama suruali inamuuma, jinsi alivyosema "huyu ndege." Nikamfanyia tonton wa Lubumbashi kwenye spika, na mtandao unakatika. Nikamfanyia mama akijaribu kuandika kwa kalamu ya mafuta. Vyote hivyo ni vitu ambavyo mwezi mmoja nyuma vingemfanya apige ukuta kwa ngumi akicheka.

"Toka," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba dirisha lifungwe.

Niliogopa. Naandika hivyo bila mzaha: niliogopa. Kuna msichana shuleni kwetu ambaye kaka yake alilala hivyohivyo, akigeukia ukuta, na watu walisema atachoka tu kulala. Siandiki yaliyompata. Shule ilikusanyika ukumbini na mshauri akaja kuzungumza nasi.

Kesho yake Mem alinisimamisha kwenye korido. Aliuliza kama kaka yangu ni mgonjwa. Nikasema yuko kitandani. Akavuta ule uzi wake mwekundu kidogo.

"Nimeongea na naibu," akasema. "Siwezi kukaa naye peke yake. Lakini akiwepo mtu wa tatu, anakubali. Wewe ungekaa."

"Mimi? Kwenye hesabu za matriki?"

"Utafanya kazi zako za nyumbani."

"Mem, mimi sina kazi za nyumbani."

"Nimeongea pia na walimu wako," akasema, na akaondoka.

Sikwenda nyumbani. Nilipanda teksi mpaka Clairwood, nikatembea kando ya malori mpaka geti la papa. Alikuwa amevaa lile koti lake la kung'aa, ameshika karatasi za madereva. Aliponiona alifikiri mabaya zaidi. Niliona jinsi alivyokamata nondo ya geti.

"Hajafanya kitu," nikasema haraka. "Yuko tu vilevile."

"Basi unatafuta nini huku?"

Papa alijua yaya amekataa shule. Alidhani ni juu ya karatasi iliyopelekwa kwingine, au ni juu ya Mem. Hakuna aliyekuwa amemwambia lile lingine. Yaya hawezi kumwambia. Mama alikuwa hajui.

"Papa, wanamwikia."

"Wanamwikia namna gani?"

Sikujua jinsi nyingine ya kueleza. Nikamfanyia. Pale getini, na sare yangu, nikanyoosha shingo nikawika, vizuri kabisa, jinsi wanavyofanya wao, na ule mkia wa kejeli mwishoni. Madereva wawili waliokuwa wanangoja wakacheka kwa sauti. Mmoja akapiga honi.

Papa hakucheka. Akainua kizuizi, lori likapita. Akakishusha.

"Kila siku?"

"Kila saa, papa."

"Na yeye anafanya nini?"

"Ananyamaza."

Lori jingine likaja. Akachukua karatasi ya dereva, akaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akamrudishia bila kuitia saini. Dereva akamwambia, baba, saini. Akaweka saini.

Alirudi nyumbani na mimi, kabla ya zamu yake kuisha, jambo ambalo sijawahi kuliona. Tulipofungua mlango tukawakuta wale mama wa maombi. Walikuwa wamekizunguka kitanda, vitambaa vyeupe kichwani, mmoja mkono juu ya kichwa cha yaya, na walikuwa wanaamuru roho ya kuku itoke. Kweli. Hadithi ilikuwa imefika mpaka kanisani, imevuka maji, imebatizwa, na sasa jogoo wa papa alikuwa pepo. Mama alisimama pembeni akilia, hajui amwamini nani. Yaya alikuwa bado amegeukia ukuta, na bega lake lilikuwa linatetemeka chini ya mikono yao.

"Wamama," papa akasema.

Hawakusikia.

"Wamama! Asante. Inatosha."

Kiongozi wao, yule anayeimba sauti ya kwanza kwaya, akafungua jicho moja. "Ndugu, tuko katikati ya vita."

"Vita imeisha. Muende nyumbani."

"Unafukuza maombi?"

"Ninaomba mutoto wangu apumue."

Walitoka. Ile Jumapili iliyofuata hakuna aliyemsalimia papa kanisani, na mpaka leo yule wa sauti ya kwanza anampitia kama roboti, taa ya barabarani, iliyozimika. Mama alimwambia, "Umeniharibia watu wangu." Alisema kweli, hao ndio waliomfundisha mji huu, wanaomshikia wateja akiugua. Tulikuwa tumeshaumizana pale, kila upande, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonichosha ninapolifikiria. Ningependa angalau mmoja wetu awe mtu mbaya, nimfanyie kichekesho.

Papa alikaa chini sakafuni, na koti lake la kung'aa, mgongo kwenye kitanda. Simu ikalia mfukoni mwake: saa ya tonton. Akaizima. Nikabaki mlangoni kwa sababu hakuna aliyenifukuza.

"Umewafukuza wale mama?" Ni yaya, kutoka ukutani.

"Ndiyo."

"Hata wa kwaya?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Upande wa pili wa pazia mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

"Papa," yaya akasema, "mimi sijui kama nitapita."

Nilingoja. Nilijua linalokuja: utapita kwa jina la Yesu, ukoo wote unakuangalia, bado iko wakati. Naweza kuyaiga yote, na sauti yake na kidole chake.

"Mimi pia sijui, fiston," papa akasema.

Yaya akageuka. Uso wake ulikuwa na alama za shuka. Alimwangalia papa kama mtu aliyefungua mlango wa jirani kwa makosa.

"Sijaelewa hesabu tangu mwaka jana," akasema. "Mnapoweka simu pale mezani, mimi nahesabu watu. Nahesabu ni wangapi nitawaangusha. Sioni tena namba za kitabu."

"Simu imekwisha."

"Na tonton?"

"Tonton aende akafanye yeye mtihani." Papa akajikuna kidevu. "Ile kuku... Mimi nilifikiri..." Hakumaliza. Baba yangu si mtu wa kuomba msamaha kwa watoto. Hajafundishwa, na sijui ungeanzia wapi kumfundisha. Akageukia mlangoni. "Na ule mwalimu? Alisema nini?"

Nikatoa ujumbe wa Mem. Yaya akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Pamoja na huyu?"

"Huyu," nikasema.

"Basi bora nifeli."

Hakucheka. Lakini alikaa kitako. Mama akaingia na uji mwingine, na akala nusu, mbele yetu wote, tukijifanya hatuangalii, watu watatu wazima wakiangalia ukuta kwa bidii.

Alirudi shuleni. Waliwika. Bado wanawika, si kila saa, lakini wanawika, na ningekuwa mwongo nikisema amezoea. Asubuhi nyingine anafika mpaka kwenye kona ya shule anasimama, na mimi nasimama naye, siongei, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Mara moja tulisimama mpaka geti likafungwa, tukarudi nyumbani. Papa alipotukuta mezani mchana hakuuliza. Alikwenda kunawa mikono mara ya pili.

Karatasi ya majaribio ilirudi kutoka ile shule nyingine. Alama yake haikuwa nzuri. Haikuwa na uchawi wowote.

Sasa kila siku, masomo yakiisha, tunakaa watatu kwenye chumba cha Mem, mlango wazi kama sheria inavyotaka. Mimi nakaa nyuma na jiografia yangu, shahidi rasmi. Juzi Mem alijaza ubao kuanzia juu mpaka chini, mistari ya herufi na namba chache za kuazima. Yaya alikuwa ananakili. Halafu mkono wake ukasimama. Naujua mkono huo. Niliona mgongo wake unakuwa mgumu chini ya shati, na nje, mbali, kwenye uwanja wa mpira, kuna mtu alikuwa anapiga kelele kitu chochote tu, na yeye akageuza kichwa kusikiliza kama ni yeye anaitwa.

Mem aliona. Aliweka chaki chini, akangoja.

"Mem," yaya akasema mwishowe. Sauti ilitoka nyembamba. "Nimepotea."

"Mstari wa ngapi?"

Aliangalia ubao wote. Nilitaka kumsaidia. Nilikuwa na kichekesho tayari mdomoni, kizuri, nikakimeza.

"Wa kwanza," akasema.

Mem akachukua kifutio, akafuta ubao mzima kuanzia juu, bila haraka, akasogeza kiti chake karibu na dawati la yaya. "Sawa," akasema. "Niambie unachokiona wewe."